Kamati ya giaboksi Shauri Moyo

Leo watu tisa wamenichagulia giaboksi, na hakuna hata mmoja wao anayeendesha hiyo pikapu.

Jamani, nimechoka.

Pikapu ya baba, ile nzee ya otomatiki, imekufa giaboksi hapa Shauri Moyo ikiwa na makabati ya mteja. Injini inanguruma, gari haisongi.

Mnajua vile ukifungua boneti huku kwetu kamati hujikusanya yenyewe. Fundi akasema kuna njia mbili: tutafute giaboksi nyingine ya otomatiki, ya mtumba, ambayo inaweza kufa tena baada ya mwezi, ama aibadilishe gari iwe manuali tusahau hayo maneno.

"Manuali!" wote wakaitikia, hadi mama wa chapati.

Na mimi pia. Nikamwambia fundi afungue.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi. Akainuka polepole, akaingia kwa gari la fundi lililokuwa kando, la manuali. Nikadhani ameukubali uamuzi wetu, anaijaribu manuali.

Akakanyaga klachi. Mguu wa kushoto ukatetemeka. Akashika goti kwa mikono miwili, akalisukuma. Klachi haikufika chini.

Ndipo nikakumbuka kwa nini alinunua otomatiki, isiyo na klachi. Ule mguu hauna nguvu tangu aanguke kazini.

Akashuka, akafunga mlango taratibu.

"Ni sawa, mwanangu. Wekeni tu manuali. Mtatafuta dereva."

Fundi ameshika spana, ananiangalia.

Mwenye kujua mahali pa giaboksi ya otomatiki, aniandikie hapa chini. Manuali msinitajie.