Mgonjwa Aliyemleta Mgonjwa

Siku ya kwanza nilipovaa koti jeupe la afisa wa kliniki, pale Lodwar, matroni wa wagonjwa wa nje alinisimamisha mlangoni. "Kijana atakutajia magonjwa yote," aliniambia. "Mzee hatataja hata moja. Usifikiri ni mmoja tu anayeogopa." Kazi ile niliipenda tangu asubuhi hiyo, na hata leo nikiisimulia natamani kukimbilia kliniki!

Baadaye nilihamishiwa Kakuma. Huko nilimzoea Ekai, kijana wa bodaboda, aliyekuja kila mara na simu mkononi. Simu ilikuwa imemwambia moyo wake uko karibu kusimama. Nilimpima presha, nikamsikiliza kifua, hata nikampiga picha kwa mashine, nikamwambia yuko sawa. Akaenda, akarudi.

Siku moja alifuatana na nyanya yake kutoka Nakalale. Nilimsalimia kwa Kiturkana, ejok, naye akajibu ejok, kisha akaanza kumsuta mjukuu kwa uoga. Lakini alipoinuka alijishika ubavu wa kulia, akatulia kidogo. Nilishuku ini. Huku kwetu mbwa ni wa nyumbani kabisa, na mayai ya minyoo yao yakimezwa huweza kuotesha mfuko wa maji kwenye ini. Hukua kimya miaka mingi, na ukipasuka unaweza kuua. Nilimwomba alale apigwe picha ya tumbo.

"Mimi si mgonjwa," akasema. "Mimi naleta mgonjwa."

Akaeleza kwa ukali kwamba waliopelekwa Lodwar kupasuliwa walirudi wakakuta mbuzi wametawanyika. Kumbe! Mjukuu aliogopa ugonjwa asiokuwa nao, na nyanya aliogopa tiba ya ule aliokuwa nao.

Ekai alivua shati, akapanda kitandani kabla sijasema neno. "Nyanya, angalia. Hii mashine mimi nishapigwa mara mingi, haiumi. Na mbuzi nitachunga mimi."

Nilitamani kumkumbatia. Nyanya naye alipanda akalala, na mfuko ulikuwepo kwenye ini lake, mkubwa kama kibuyu. Nyanya alipasuliwa Lodwar, akapona. Ekai alichunga kweli, ingawa alinipigia simu kutoka malishoni kuuliza kama jua linaharibu figo.

Sasa nimestaafu, niko Kanamkemer, na maafisa wapya wakija kunitembelea nawaambia wasimcheke anayesema sana wala wasimwamini anayenyamaza. Siku ya kuniaga kazini, nyanya alikuja na Ekai. Nilimuuliza kwa nini alikubali kulala pale kitandani.

Alimtazama mjukuu wake. "Huyu anaogopa kila kitu," akasema, "na alipanda. Mimi naogopa kitu moja tu."