Wanawake wa Droo ya Herufi M

Siku ya kwanza kazini nilifika Lushoto nimeloa chapachapa. Lori la mbao lililonileta kutoka Shume halikuwa na turubai, na mvua ilitufuata njia nzima. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na sisi wachache tuliojua kupiga taipu tulitafutwa kama dawa. Ofisi ya utamaduni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya boma: meza mbili, jiko la mkaa, na Afisa Utamaduni, mtu wa Tanga mjini aliyevaa sweta mbili na koti juu yake.

"Shikamoo," nilisema huku meno yakigongana.

"Marahaba, binti. Kama wewe Mshambaa unatetemeka, mimi nifanyeje? Sogea motoni."

Nilipokauka akanieleza kazi. Serikali ilitaka itungwe kamusi ya watu wa kale: watawala, mafundi, waganga, watu wa vita na watu wa amani, wapangwe kwa alfabeti ili mwanafunzi yeyote amfungue anayemtaka. Kila wilaya ilikusanya watu wake. Mtu mmoja aliandikiwa kadi moja, na juu ya kadi lilikaa jina ambalo msomaji angemtafutia. Jina hilo la juu tuliliita kidahizo.

"Ukikosea habari za mtu," Afisa alisema, "msomaji mwenye akili atakusahihisha. Ukikosea kidahizo, hatamwona kabisa. Utakuwa umemzika mara ya pili."

Nilikuwa msichana wa Mtae, kule juu ukingoni barabara inakochokea, na maneno hayo yaliniingia. Nilipiga kadi mpaka ncha za vidole zikawa nyeusi kwa wino wa utepe. Kwa watawala wanaume kanuni ilikuwa nyepesi. Mfalme wetu alipokalia kiti Vuga, mji wa kifalme, aliacha jina la utotoni akachukua jingine. Kidahizo kikawa jina alilotawalia, na lile la utotoni likapewa kadi ya kielekezi, ambayo haina habari yoyote ila neno "tazama" na jina la kwendea.

Wanawake wa nyumba za kifalme hawakuwa na kanuni hiyo. Aliyeolewa aliandikwa Mke wa fulani. Aliyezaa mtawala aliandikwa Mama wa fulani, na asiye na hili wala lile akawa Mtoto wa fulani. Wote wakaangukia droo moja, ya herufi M, ikajaa hata ikawa haifungi. Nikamuuliza Afisa kama wafalme walikuwa wakioa na kuzaa herufi moja tu. Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Kanuni imetoka Dar es Salaam," alisema alipopata pumzi. "Mimi na wewe tunasukuma droo."

Nikasukuma droo. Baadaye nilihamishiwa Tanga, kwenye kiwanda cha uchapaji, nikajifunza kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa chenyewe. Mkuu wa zamu hapo alikuwa mkali kama pilipili, na namshukuru, maana alinifundisha kusoma kila neno kana kwamba silijui. Kutoka Tanga nikapelekwa Dar es Salaam, makao ya kamusi, nikiwa mhariri msaidizi chini ya Mhariri Mkuu.

Hizo zilikuwa siku za Azimio la Arusha. Kila mtu alikuwa Ndugu, kuanzia mfagizi hadi Mkurugenzi, na uchifu ulikuwa umekwishafutwa. Siku moja katika kikao mjumbe alipendekeza watu wote wa kale nao waitwe Ndugu, wafalme kwa wake zao. Mhariri Mkuu alivua miwani taratibu.

"Huyu mfalme mwenzetu alikuwa akibebwa na watu mabegani," alisema. "Tukimwita yeye Ndugu, waliombeba tuwaiteje?"

Pendekezo likafia hapo, nasi tukakubaliana kwamba vyeo vikae ndani ya habari, si kwenye kidahizo. Tulibishana pia juu ya neno malkia. Mimi sikulipenda. Malkia msomaji wetu alimjua kwa picha za Waingereza, mwanamke mwenye taji na glavu. Kwetu binti wa mfalme aliweza kupewa mlima wake akautawale, na aliitwa zumbe, yaani mtawala, sawasawa na kaka yake aliyepewa mlima wa pili. Nilisema hivyo kikaoni, sauti ikitetemeka kuliko siku ile ya mvua. Waliandika maneno yangu kwenye kumbukumbu za kikao wakaendelea na ajenda.

Halafu ikaja prufu ya Usambara. Nilikuwa nikisoma herufi M nikakuta kidahizo "Mwenyekaya", na maelezo kwamba ni mke wa mfalme, aliyesifika kwa kugawa maji ya mfereji bila upendeleo. Nikaweka kalamu chini. Mwenye kaya si jina la mtu. Kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la mama mkwe wake, wala la bibi mzaa mkwe, wala la yeyote aliyerithi jina hilo. Atamwita mwenye kaya, au mkubwa wetu, au atanyanyua kidevu tu kuonyesha upande aliko. Mkusanyaji wetu, kijana mzuri na mwenye bidii, alikuwa amefika Vuga mchana, wenyeji wa nyumba wakiwa shambani, akapokewa na wake walioolewa humo. Wao hawakumdanganya. Walijibu kama wanawake waliolelewa vizuri wanavyojibu, naye akaandika alichoambiwa.

Nilimweleza Mhariri Mkuu. "Nenda kahakikishe," akasema. "Lakini mashine zinasubiri."

Vuga nilimkuta mjukuu wa mwanamke huyo wa mfereji, bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda mlangoni akimenya maharage. Mkwe wake, Mama Zubeda, mwanamke mcheshi wa umri wangu, ndiye aliyenipokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali wewe. Kaa."

Nilipomwambia nimekuja kuuliza jina la bibi yake, Mama Zubeda alinyanyuka haraka, akachukua ndoo yenye maji tele akasema anakwenda kisimani. Bibi alimtazama akienda, akacheka kimya kimya.

"Huyo hawezi kulisikia," alisema. "Ni adabu yake. Jina la bibi yangu ndilo langu mimi. Mandeka." Alilitamka kana kwamba analionja. "Hakuwa mke wa mfalme, alikuwa binti yake. Alitawala mlima ule unaouona, akafa akiwa zumbe. Mume alikuwa naye, lakini mume alihamia kwake."

Nilikuwa nikiandika ndipo akaingia mwanawe mkubwa, Mzee Shabani, amebeba jembe. Alisikiliza akiwa amesimama. Hakukasirika, ila uso wake ulijifunga.

"Dada, jina hilo tunalitaja kwenye tambiko," alisema. "Linatajwa na anayestahili, kwa wakati wake. Wewe unataka watoto walisome darasani kwa kelele, na wake zetu walikute limechapwa. Hiyo ndiyo heshima?"

Nasema kweli, mpaka leo naona alikuwa na haki yake. Nilikuwa nimekuja nikidhani nawaletea heshima, kumbe heshima ilikuwapo tayari, ya namna nyingine. Nilifunga daftari.

Bibi ndiye aliyejibu, bila kuacha maharage yake.

"Shabani, baba. Kaka zangu walikuwa wakiniita kwa jina. Wamekufa. Wenzangu tuliocheza nao wamekufa. Nyinyi mnaniita mama, wajukuu wananiita bibi, wake zenu wananiita mwenye kaya. Hilo tambiko lenu mimi nimekaa nje, nimechoka, silisikii. Nani ataniita mimi? Na nikifa, nani atajua kwamba bibi yangu alikuwa na jina, hakuwa mtu wa nyumba ya mtu?" Akanigeukia. "Andika, mwanangu. Mtoto wa shule hana mkwe. Yeye anaruhusiwa."

Mzee Shabani aliweka jembe chini, akaketi kizingitini karibu na mama yake. Kisha akasema, "Andika basi. Ila uandike na mlima wake."

Niliporudi, Mhariri Mkuu alisoma kadi mpya akakunja uso. Alijua kilichokuwa kinakuja.

"Tukimtoa huyu kwenye herufi M," alisema, "itatubidi tuwatoe wote."

"Ndiyo, Ndugu Mhariri. Mfalme tumemweka kwa jina alilotawalia. Na mwanamke awekwe kwa jina lake mwenyewe. Kanuni iwe moja."

"Na kitabu kichelewe?"

"Kichelewe."

Nilishangaa ujasiri wangu, na nadhani naye alishangaa. Alizunguka chumba, akasimama dirishani, kisha akasema, "Beba droo yako. Na usinitafute na malalamiko."

Kazi hiyo ilinila miaka. Tuliwaandikia maafisa wa mikoa, nami nilisafiri kila nilipopata gari la kunibeba. Familia nyingine zilitupa majina kwa furaha. Nyingine zilikataa kabisa, nasi hatukuwalazimisha. Mwanamke wa familia iliyokataa tulimweka kwa jina la mahali alipotawala au alipozikwa, na ndani tukaandika kwamba jina lake lahifadhiwa na ukoo. Wengine walikuwa wamesahaulika, tukaandika hivyo hivyo, kwamba jina halikupatikana. Iliniuma kila nilipopiga maneno hayo. Lakini droo ya M ilianza kufunga.

Halafu karatasi zikaadimika. Vita vikaja, vikaisha, na karatasi bado hazipo. Mhariri Mkuu alistaafu kabla ya kukiona kitabu. Nami nilifikisha umri nikaagwa kwa soda, biskuti na hotuba iliyokosea jina la kijiji changu. Nyie vijana mnaofanya kazi hii sasa mtaniuliza kanuni ipi ni sahihi. Sijui kama ipo moja ya kufaa kila mahali. Najua tu kwamba kabla hujamwandika mtu, uulize aliyekwambia jina lake ana undugu gani naye, na anaruhusiwa kusema nini. Mengine ni subira na miguu.

Kamusi ilitoka nikiwa nimekwisharudi Mtae kulima viazi. Nilipopata nakala yangu niliifunga kwenye kanga, nikashuka hadi Vuga kwa hofu, maana bibi alikuwa mkongwe tangu wakati ule na sikuwa nimepata habari zake.

Alikuwa hai. Alikuwa amelala kitandani karibu na moto, macho hayaoni tena, na hakunitambua kwa sauti. Mzee Shabani alimwambia ni yule dada wa kitabu. Alinyoosha mkono akakishika, akapapasa jalada, akanirudishia.

"Soma," alisema.

Mama Zubeda, aliyekuwa akikoroga uji, aliinuka akatoka nje akicheka, safari hii bila hata ndoo. Watoto wa nyumba wakajisogeza. Nikafungua ukurasa, nikasoma kidahizo kwa sauti kubwa ili asikie vizuri:

"Mandeka."

Bibi alijiinua kwa viwiko, uso umeelekea mlangoni, akaitika kwa sauti nyembamba ya msichana aliyeitwa kutoka uani.

"Abee!"