Kabla ya Begi Kuna Mwili

Safari ya kunifikisha Muscat ilikuwa ndefu, mwanangu: basi la usiku kutoka Kitale, ndege mbili, na katikati uwanja wa ndege nilikolala nimekumbatia viatu vyangu. Nilikuwa kijana mnene mwenye miguu isiyotulia mahali pamoja. Nikapata kazi ya majaribio, kuwabebea maji wageni wanaopanda milima kwa miguu.

Siku ya kwanza bado naiona. Tulianzia nyuma ya Sidab, kijiji cha pwani karibu na mji. Barasa, Mkenya mwenzangu, mwembamba kama fito, alinitazama akacheka. "Huyu ni lori. Mpakieni."

Wakanitwika maji ya kundi zima. Nami nikacheka nao, maana niliogopa kurudishwa nyumbani.

Kilima cha kwanza nilikipanda. Cha pili, magoti yakatetemeka na jasho likaniingia machoni, na huko mbele Barasa anapiga mluzi. Kiongozi wetu, Mzee Nasor, Mwomani aliyezaliwa Unguja, akasimamisha msafara, akanitua begi.

"Barasa, nikufunge gunia la mchele tumboni, kisha nikutwishe begi hili. Utapiga mluzi?"

"Hapana, mzee."

"Basi mwenzio gunia lake hana pa kulitua. Kila hatua anapanda nalo. Lakini ndiyo hivyo, mzigo wa mwenzio kanda la usufi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, nna miaka mingi vilimani humu. Ungeanguka, mamako ningemwambia nini? Mficha uchi hazai."

Akagawa maji upya. Jioni nilingoja kuambiwa nifungashe virago. Akaniambia kesho niwahi.

Nilikaa miaka, hadi miguu ikaanza tena kuwasha. Siku niliyoondoka moja kwa moja, Barasa alinisindikiza uwanja wa ndege. Alinipokonya sanduku, akatangulia. "Wewe jibebe mwenyewe, lori. Hili niachie mimi."

Kwa hiyo, mwanangu, usimpimie mtu mzigo kwa upana wa mabega yake. Mnene au mwembamba, uliza kwanza tayari amebeba nini. Nawe ukielemewa, sema mapema, magoti yasikusemee. Mungu akupe mzigo wa kiasi chako, na pale kilima kinapokaza, akuletee mtu wa kukutua.