Nyekundu, Baba

Mimi sijui kukaa. Ofisini wananicheka kwamba kiti changu ndicho kitakachochakaa mwisho, kwa sababu nakitumia kutundikia mkoba tu. Nikiwa kwenye simu natembea, nikisubiri chai ichemke nafungua na kufunga makabati. Pahala pamoja tu naweza kutulia, napo ni ndani ya gari la mbio, mikanda imenibana mabega, maana hapo hata nikitaka kuinuka siwezi.

Mbio zenyewe ni zetu wenyewe, watoto wa Waswahili wa Maskati. Ni magari manane madogo ya kiti kimoja, na kila gari limevaa rangi za klabu ya mpira ya mtaani Unguja, zile walizozishabikia wazee wetu kabla hawajahamia huku. Pointi haandikiwi dereva, inaandikiwa klabu. Wala dereva hachagui klabu. Kabla ya msimu kuanza tunakutana, karatasi zinatiwa ndani ya kofia ya mzee mmoja, unaingiza mkono, na utakayoitoa ndiyo yako mpaka mwisho. Klabu nyingi katika hizo zimeshakufa na viwanja vyao vimejengwa maduka, lakini uhasama ulipanda ndege pamoja na watu wake, na hapa Maskati umenenepa.

Baba yangu ni mtu wa nyekundu. Mahasimu wao walikuwa kijani, watu wa mtaa wa pili tu, wa kuazimana chumvi. Nyumbani kwetu Bawshar hakuna pazia la kijani wala sahani ya kijani. Mama, Mungu amrehemu, aliwahi kununua zulia la kijani. Lilikaa siku mbili likaenda kwa jirani. Mchicha tu ndio uliosamehewa.

Baba ana gereji Darsait, na hapo alikaa kiangazi kizima akiifungua na kuifunga injini yangu. Feni mbili, chupa ya maji, na fundi wetu mmoja, mtu mzima wa Pemba asiyesema sana. Baba haamini vipimo vya kompyuta. Anawasha, anainamisha kichwa, anasikiliza, anazima, anakaza kitu kimoja, anawasha tena. Siku moja kabla ya kura aliniambia, "Injini hii nimeitengeneza kwa mikono yangu. Lakini ukirudi na kijani, yenyewe itabaki hapa hapa Darsait, na wewe utatafuta mkokoteni." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kura ilipigwa kwenye ukumbi mmoja Mutrah. Niliingiza mkono, nikafungua karatasi, na wenzangu wakaangua kicheko hata kabla sijaisoma kwa sauti, kwa sababu wote wanamjua baba. Kijani.

Nilitoka nje nikawa nazunguka maegesho ya bandarini kama mtu aliyepoteza gari. Meli ya watalii ilikuwa imefunga pale, nyeupe, ndefu kuliko mtaa, na watalii wakishuka na kofia zao. Simu ikalia. Ni baba.

"Tumepata nini?"

"Nyekundu, baba," nikasema.

Sijui ilitokaje. Nilijiambia kwamba habari kama ile haitolewi kwenye simu, nitamweleza usoni jioni, nitamwomba, nitalia kidogo kama itabidi. Nilipofika nyumbani nikamkuta ameshanunua halua na ameshaigawa kwa majirani. Sahani ya mwisho alikuwa ameniwekea mimi. Niliila yote nikiwa nimesimama.

Baada ya siku tatu gari likaletwa gereji kutoka kwa mpaka rangi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, niwepo, nikiri mbele ya kosa lenyewe. Lilishushwa, turubai likavutwa, na hilo hapo. Kijani cha kukoza, kijani cha makuti ya mtende, na nambari nyeupe ubavuni. Nilivuta pumzi ili niseme. Baba akalizunguka polepole, akapitisha kiganja kwenye pua ya gari mpaka kwenye tairi.

"Mashallah," akasema. "Wekundu umekaa. Umeiva hasa."

Nilidhani ananikejeli. Nikangoja acheke, au arushe spana. Hakufanya lolote. Aliinama, akaanza kutafuta kwa vidole mahali pa kufungia injini. Fundi alinitazama mimi, akalitazama gari, akanitazama tena. Nikaweka kidole mdomoni. Akarudi kwenye kazi yake.

Nilitoka nje, nikaenda mpaka duka la pili, nikarudi, nikaenda tena. Baba yangu haoni rangi. Na kama haoni rangi, nini kingine haoni? Nikaanza kukumbuka vitu. Kwamba siku hizi hasomi gazeti, anasema limejaa uongo. Kwamba anashuka ngazi kwa kuugusa ukuta. Kwamba kila asubuhi huendesha gari lake mwenyewe kutoka Bawshar mpaka Darsait, kwenye barabara kuu, katikati ya watu wanaokimbilia kazini.

Ilinipasa nimchukue siku ile ile nimpeleke hospitali. Lakini ningemwambia nini? Kumwambia kuwa haoni ni kumwambia nimejuaje, na nimejuaje ni gari la kijani, na gari la kijani ni injini kubaki Darsait. Mbio zilikuwa baada ya wiki tano. Nikajiambia, wiki tano si kitu. Naandika haya leo na bado nakereka na yule mwanamke aliyesimama nje ya duka akipiga hesabu ile.

Basi nikawa dereva wake kwa hila. Leo gari langu lina kasoro, nipe lifti, na nitaendesha mimi. Kesho nna kazi Ruwi, twende pamoja. Nilikuwa nampeleka Darsait, narudi mbio ofisini, nafika nimechelewa na kisingizio kingine. Kule napo nashindwa kukaa kuliko kawaida. Nampigia fundi mara tatu kwa siku: mzee yupo? Hajatoka? Funguo ziko wapi?

Nyumbani tuna dada anayetusaidia kazi, Mganda, mtu wa kanisa na mtu wa maneno yaliyonyooka. Jioni moja alinifuata jikoni.

"Madam, baba haoni. Juzi amemimina chai nje ya kikombe, akafuta mwenyewe haraka nisione. Mpeleke mustashfa, daktari amtazame."

"Nitampeleka."

"Lini?"

"Baada ya mbio."

Alinitazama kidogo. "Macho hayajui kama kuna mbio," akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Alhamisi ya wiki ya nne nilikuwa na kikao cha asubuhi na hila zikaniishia. Baba akatoka peke yake. Nikaacha kikao, nikamfuata nyuma na gari langu. Barabara kuu aliimudu, kwa kuwa anaijua kwa mwili. Kwenye mataa ya kwanza taa ikawaka kijani na yeye hakuondoka mpaka wa nyuma alipopiga honi. Hapo ndipo nilipofahamu anavyofanya: anasubiri honi, au anatazama kivuli cha gari la pembeni likiondoka, naye anaondoka. Kwenye mataa ya kuingilia Darsait gari la pembeni yake liliruhusiwa kukata kushoto. Likaondoka. Na baba akaondoka, yeye akienda moja kwa moja, na mbele yake ni nyekundu. Lori la maji likafunga breki, likaserereka na kusimama karibu sana na mlango wake. Yeye aliinua mkono kuomba radhi na kuendelea na safari.

Nilisimamisha gari pembeni, nikashuka nikawa nalizunguka. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha maradhi ya mwenzangu. Jioni nilikwenda chumbani kwake niseme. Alikuwa kitandani na kabureta juu ya taulo, anaisafisha kwa mswaki, uso umemchangamka. "Wiki ijayo," akasema, "nitasikia nyekundu ikipita mbele ya kijani, halafu hata Mungu akinichukua sawa." Nikasema usiku mwema, nikafunga mlango. Asubuhi nilizificha funguo zake ndani ya pipa la mchele, na akazitafuta siku nzima.

Ijumaa ya mbio tulikwenda watatu, mimi, baba na dada. Niliwaacha jukwaani, dada nimeshamwomba asitaje rangi. Yaliyotokea pale nilisimuliwa na dada baadaye, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyaona yeye.

Anasema baba alikaa amefumba macho. Magari yalipopita mara ya kwanza alinyanyua kidole na kusema, "Letu hilo." Mzunguko wa pili vile vile, wa tatu vile vile, na hakukosea hata mara moja, kwa sababu sauti ile alikuwa ameitengeneza yeye. Mzunguko wa nne nilikuwa nimeshampita dereva wa nyekundu na kumwacha mbali, na nikaja mbele ya jukwaa peke yangu, hakuna gari jingine karibu. Baba akanyanyua kidole. Wakati huo huo mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, kwamba anayepita sasa ni kijani.

Kidole kilibaki juu. Kisha akamuuliza dada, "Hili lililopita rangi gani?"

"Baba, mimi nimeambiwa ninyamaze," dada akamjibu. "Lakini kusema uongo sikuambiwa. Ni kijani."

Akauliza tena mzunguko wa tano, na wa sita. Baadaye akaacha kuuliza. Alikaa mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja. Nilimaliza wa pili, na nyekundu akaja wa tano. Nilipovua helmeti nilitazama jukwaani, nikamwona baba amesimama pamoja na watu wengine, anapiga makofi, uso ameuelekeza kidogo kando ya pale nilipokuwa.

Kwenye gari alikaa mbele na mimi.

"Injini imeimba," akasema.

"Ahsante, baba."

"Ile ya nyekundu ilikuwa inakohoa. Hawajui kazi."

"Baba, nilitaka kukwambia. Siku ile ya kura mimi..."

"Sikuulizi rangi. Rangi tutakuja kugombana siku nyingine. Nnakuuliza, tangu lini umejua kuwa sioni?"

Nilikuwa na majibu ya uongo matatu au manne, yote tayari mdomoni. "Tangu gari lilipoletwa gereji," nikasema. "Wiki tano."

"Wiki tano." Akatikisa kichwa. "Mimi nilificha kwa kuwa naogopa, mwanangu. Wewe ulificha kwa nini?"

"Kwa ajili ya injini."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aligeukia dirishani na kukaa hivyo mpaka Bawshar, na nyuma dada alikuwa akisoma sala zake kwa sauti ndogo.

Jumapili tukawa mbele ya daktari. Alimpima kwa taa na kwa mashine na kwa vitone, kisha akatueleza kwamba ni presha ya macho, imeubana mshipa wa jicho kwa muda mrefu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa, kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Akauliza, "Mmegundua lini?"

"Juzi Ijumaa," akajibu baba upesi.

Nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, kanzu imepigwa pasi, anamdanganya daktari kwa ajili yangu bila ya kupepesa.

"Si kweli, daktari," nikasema. "Wiki tano zilizopita. Mimi nilijua."

Nikauliza kama wiki tano zile zingebadilisha kitu. Daktari akasema hakuna anayeweza kujua, ila kwa mshipa ule kila siku ni siku. Aliandika, nami nikasimama nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka baba aliponyoosha mkono hewani akitafuta wangu na kuniambia, "Kaa."

Nikakaa.

Funguo za gari lake sasa ziko kwangu, si kwenye mchele tena. Kila asubuhi nampeleka Darsait na gari lile lile, yeye kiti cha abiria, akishika mpini wa mlango. Kwenye kila mataa huuliza kimewaka nini, kwa sababu anataka bado kuendesha hata kama ni kwa mdomo.

"Nyekundu, baba."

"Basi simama."

Tunasimama. Anainamisha kichwa kusikiliza injini. Taa inabadilika, nami nafungua mdomo nimwambie, naye ananyanyua kidole.

"Usilitaje jina hilo ndani ya gari langu. Sema twende."

"Twende, baba."