Betri Chini ya Mama Mkwe

Baba mkwe alipofariki alituachia mgongo wa chura, lile gari la mviringo lenye injini nyuma, ambalo wanafunzi wa huku Mzumbe hulipiga picha kana kwamba limetoka makumbusho. Nililipokea kama msomi anavyopokea kila kitu, kwa kiburi na bila kujua lolote. Nilijua jambo moja tu: lilikuwa gari la volti sita, na betri ya volti sita nilikuwa nimeitafuta Morogoro nzima nikaikosa.

"Volti sita ni za tochi, mwalimu," fundi umeme aliniambia. "Tulipandishe liwe la kumi na mbili, nalo lijione gari."

Dainamo, taa na honi vilibadilishwa bila mimi kukosa usingizi. Starta ndiyo iliyonitisha. Fundi aliifungua juu ya gunia na kunieleza kwa raha ya mtu asiyelimiliki gari. Starta ya volti sita ukiipa umeme wa kumi na mbili, alisema, itazunguka, tena kwa fujo. Itarukia meno ya injini kama mbwa aliyekatika kamba, na siku moja itayavunja au itaungua. Kwa hiyo aliondoa koili zake, yale mafundo mazito ya shaba yaliyokaa pembeni mwa ganda, akafunga za volti kumi na mbili kutoka kwenye gari lililokwisha kufa.

Siku ya kujaribu nilizungusha ufunguo nikiwa nimetoa mguu mmoja nje ya mlango. Starta iligonga mara moja, injini ikawaka kabla sijafumba macho.

"Sasa huo mguu unakwenda wapi?" fundi aliuliza. "Gari limewaka, wewe unahama."

Nilicheka naye, mpaka aliponionyesha betri. Kwenye mgongo wa chura betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, mgongoni kwa dereva. Hii mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani. Springi za kiti zikishuka sana zingegusa vichwa vyake vya kufungia nyaya, zingetoa cheche, na kiti chenyewe kilikuwa kimejazwa makumbi ya nazi, ambayo kwetu ni kiberiti kilichokosa boksi tu. Fundi alilaza juu ya betri kipande cha mpira wa tairi. "Lakini mtu mzito asikae hapa mpaka nikutengenezee kifuniko cha mbao," alisema.

Mama mkwe wangu ni mtu mzito.

Jumamosi iliyofuata, kabla kifuniko hakijawa tayari, tulikuwa tunampeleka kwenye misa ya kumbukumbu ya marehemu mume wake, parokia ya kijijini kwao, mbele ya Mkuyuni. Alitaka aende kwa gari la mumewe na si lingine. Upande wa betri niliweka maua ya kaburini, mepesi kama unyoya, nikamwambia mke wangu mama akae kushoto. Tulipofika kwake Bigwa nilishuka, nikamwamkia mama shikamoo nikitazama chini, kisha nikaenda kukagua tairi ambazo hazikuwa na shida yoyote. Niliporudi, maua yalikuwa kushoto na mama mkwe alikuwa kulia, nyuma yangu.

Sina budi kueleza. Mimi ni mtu wa Dodoma, na katika ukoo wetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao kabisa. Watu wa mke wangu, Waluguru, hawana ukali huo, lakini mama mkwe alipozijua mila zetu alizishika kuliko mimi. Kila akipanda gari langu hukaa nyuma yangu kabisa, ili hata kwenye kioo tusionane. Ilikuwa heshima tupu.

Ningemwambia nini? Mama, uzito wako? Mama, makalio yako? Nilimnong'oneza mke wangu, "Mwambie mama asogee."

"Mama, eti usogee," akasema kwa sauti.

"Nimekaa vizuri, mwanangu. Mwambie baba asisumbuke."

Tukaondoka. Nimewahi kuogopa mitihani, madaktari na mbwa wa jirani, lakini sijawahi kuogopa kwa mgongo. Kila shimo la barabara nililisikia likipita kwenye tairi, likapanda kwenye springi, likaniingia kiunoni. Nilikwenda mwendo wa msafara wa maziko. Pale Kiroka bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi ilitupita, na abiria aliyekalia ndizi hizo akatupungia mkono kwa huruma.

"Unaendesha kama umebeba mayai," mke wangu alisema.

"Nimembeba mama yako."

Baada ya Kiroka mlima ukaanza, na kokoto nazo. Gari liliruka mara moja, likatua kwa kishindo, na nyuma yangu nikasikia mlio mdogo, kama mafuta ya moto yanapopata tone la maji. Kisha harufu ikaja. Ilikuwa ya makumbi yakiungua.

Sikumbuki kufunga breki. Nakumbuka nimeshika mkono wa mama mkwe wangu, juu ya kiwiko, kwa mikono yangu yote miwili, nikimvuta apite kwenye mlango ule mwembamba huku nikimtazama usoni na kusema, "Toka, mama, toka, unakalia moto." Akatoka. Nikang'oa kiti na kukitupa kandokando ya barabara. Mpira ulikuwa umeteleza pembeni, na chini ya kiti palikuwa na tundu jeusi, ukubwa wa kiganja, likifuka moshi. Mke wangu alilimwagia maji ya kunywa mpaka likanyamaza. Gauni la mama lilikuwa zima. Yeye pia.

Tulisimama pale, sisi watatu na kiti kilicholowa.

"Nilisikia joto tangu Kiroka," mama mkwe alisema, akitazama milima.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, mkwe? Kiti chako kinanichoma wapi?"

Mke wangu alikaa juu ya jiwe akacheka mpaka akashika mbavu.

Kiti tulimwachia mwenye genge la mboga atutunzie. Mke wangu akaketi nyuma kushoto, juu ya kanga zilizokunjwa, akiulinda mpira juu ya betri kama mtoto mchanga, na mama mkwe akakaa mbele, bega kwa bega nami, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Nilishika ufunguo nikashindwa kuuzungusha. Umeme wote wa starta ile ungetoka kwenye betri ileile, na sasa nilijua unachoweza kufanya. Nilitazama mbele. Pembeni ya jicho nilimwona akiikamata rozari yake kwa mikono miwili, nikaelewa kwamba naye hakutaka nizungushe.

"Tukitembea tutafika?" nilimuuliza.

"Misa itakuwa imekwisha." Akajifunga mkanda, akafumba macho. "Washa, mwanangu. Tuogope tukiwa njiani."