Kompyuta Inayopona kwa Fundi

Fundi wa kompyuta wa Nyasubi haamini kipimo chochote. Hubandika kiganja ubavuni mwa mashine kama anayepima homa ya mtoto, akafumba jicho moja na kusikiliza feni. Mashine ya Mwaisha, mpiga video za harusi, alishaipuliza vumbi, akaipaka prosesa dawa mpya ya kupoozea, akaiacha ichape kazi kutwa nzima kibandani kwake. Haikuzimika. Ikirudi nyumbani, inazimika kabla video anayoiandaa haijafika nusu. Na leo bwana harusi wa Kagongwa yuko njiani kuifuata yake. Akiikosa, harusi zote za ukoo ule atapewa mwingine.

"Kwako inapona, kwangu inaugua. Unaitengeneza au unaifuga?" Mwaisha alimuuliza.

"Mama Raudha, hata mimi imenishinda," alisema fundi, aliyeitwa sebuleni kwa Mwaisha aone mwenyewe. Akakikunja kwa adabu kitambaa cha kufuma kilichoifunika mashine juu hadi chini, akabandika kiganja, akaianzisha video. Feni ikavuma vizuri. Aliporidhika akakirudisha kitambaa, akakinyoosha pembe zote, maana nyumba ya watu haiachwi shaghalabaghala. Chai haijaisha, kioo kikawa cheusi.

"Umeona sasa?"

Fundi akakuna kichwa, akatazama soketi, akatazama dari. Mwaisha akakivuta kitambaa ajipanguse jasho. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Akabaki amekishika, akimkodolea macho fundi, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mkono akikiomba, aifunike tena mashine isiingie vumbi.