Mtoto asiye na meno kaugua kwa mahamri

Leo hapa Utange, mtoto asiye na jino hata moja amedaiwa kudhuriwa na mahamri.

Sifanyi mzaha.

Watoto watatu wa nyumba moja wanaharisha tangu jana. Asubuhi mama yao alikuja na majirani kwa Bi Rukia, mjane anayeuza mahamri, akimshutumu kuwa amewalisha sumu.

Nilikuwapo, nasubiri mbaazi zangu. Nikamwuliza mama yule, "Mwanangu, wote watatu walikula mahamri?"

"Wawili, Mwalimu."

"Na wa tatu?"

"Huyo bado mchanga, hana meno. Anakunywa uji."

"Uji wa maji gani?"

"Ya kisima."

"Na wale wawili hunywa maji gani?"

"Hayo hayo." Nikadhani tumefika. (Nimefundisha maisha yangu yote, na bado najidanganya.)

"Basi huyo mdogo, Bi Rukia kamtupia jicho la husuda!"

"Wallahi!" wakaitikia wenzake, wakaondoka wameridhika.

Mimi jana nilikula mahamri matano ya Bi Rukia. Hakuna aliyeniuliza habari ya tumbo langu.

Bi Rukia akaumwagia moto wake maji. "Umewashinda kwa hoja, Mwalimu," akasema, "lakini wateja wangu ndio hao."

Niambieni nyinyi, ningemjibu nini?

Sasa hivi nimepita kisimani. Mama yule anateka maji ya uji wa jioni. Nikamsihi walau ayachemshe kwanza.

Akacheka. "Maji hayana husuda, Mwalimu."